Mitishamba ya msimu wa baridi: chai, kuchemsha, asali, tincha au vidonge? Tulinganishe

Jani Kavu

Habari zenu wakuu. Nina swali linalonisumbua tangu mwaka jana, naomba tulijadili kwa kina, maana nikiuliza mtu mmoja mmoja kila mtu ananisifia anachotumia yeye.

Nyumbani kwangu baridi ikianza mafua hayatoki. Anaanza mmoja, wiki inayofuata anashika mwingine, na kikohozi kinabaki hata mafua yakishapita. Nimepanda mchaichai, mnanaa, kivumbasi, tangawizi na manjano. Msimu uliopita nilikausha vyote kwa pamoja nikajaza kwenye makopo. Baada ya mwezi na nusu nikafungua, nusu imeota ukungu. Tangawizi ndiyo iliyoharibika zaidi. Iliniuma, kwa sababu bustani ile nilikuwa nimeihudumia kwa mikono yangu mwaka mzima.

Safari hii nataka kujipanga mapema. Sitaki tushindanishe mimea, nataka tushindanishe namna za kuiandaa: majani makavu ya chai, mizizi ya kuchemsha, sharubati ya asali, tincha ya pombe (mmea uliolowekwa kwenye pombe ukachujwa), au niache yote ninunue vidonge. Ipi inatoa nguvu ya mmea vizuri, ipi inakaa muda mrefu, na ipi ni salama kwa nani? Hilo la mwisho nalitilia mkazo kwa sababu nyumba yangu ina watu watatu tofauti kabisa. Mama yangu ana miaka 71, anatumia dawa ya presha na dawa ya kuzuia damu isigande. Mwanangu ana miezi minane. Mimi sina tatizo lolote.

Sitafuti dawa ya kuponya mafua, najua yanaisha yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Nataka watu wangu wapumue vizuri na walale wakati yanapita.

Mzizi Mrefu

Mkuu, umeuliza vizuri. Watu wengi huulizana mmea na kusahau sufuria.

Nimekuwa nikiandaa mitishamba kwa zaidi ya miaka 15, na jambo la kwanza ninaloangalia ni sehemu ya mmea niliyoishika. Majani laini na maua hayachemshwi. Chemsha maji, epua, mimina juu ya majani, funika, acha dakika kumi. Kufunika ni sehemu ya dawa yenyewe. Ile harufu inayokupiga puani mnanaa ukimiminiwa maji ni mafuta yake yanaruka, na hayo ndiyo unayoyataka. Usipofunika yanaishia hewani, unabaki unakunywa maji ya kijani. Hata yale matone yaliyojikusanya chini ya mfuniko, yakung'utie kikombeni.

Mizizi, magome na mbegu ngumu vinataka subira. Maji ya kumimina hayafiki ndani ya kipande kigumu. Kata vidogo au ponda, weka kwenye maji ya baridi, pandisha moto taratibu, kisha acha vitokote kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20. Mchaichai uko katikati, jani lake ni gumu. Mimi huupa dakika tano motoni ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Tangawizi niiseme peke yake, kwa kuwa mbichi na kavu hazifanani. Mbichi imejaa jinjeroli, ndiyo inayowasha ulimi. Ukiikausha au kuichemsha muda mrefu, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Kwa hiyo anayepika tangawizi kavu asipime kwa kipimo kile kile cha mbichi, ataunguza koo la mgonjwa.

Kuhusu kukaa: chai ni ya siku hiyo hiyo. Ya kuchemsha ikiingia kwenye friji ikamaliza siku mbili inatosha. Majani makavu yaliyohifadhiwa gizani yana mwaka mmoja hivi kabla harufu haijaisha, mizizi mikavu hata miaka miwili. Kwa mimea uliyoitaja, wewe ni mtu wa chai na kuchemsha. Mengine ni nyongeza.

Kinu na Mchi

Mzizi Mrefu nakubaliana naye karibu kote. Ila hapa nataka kugusa imani moja iliyoenea: kwamba ukichemsha zaidi ndivyo dawa inavyozidi kuwa na nguvu. Kuna mimea moto unaiua.

Mfano mkubwa kuliko yote ni artemisia. Kuanzia mwaka 1969 mtafiti wa China, Tu Youyou, alikuwa anatafuta dawa ya malaria katika mitishamba ya kale. Timu yake ilipitia mapishi kwa mamia, na dondoo la artemisia lilikuwa linatoa matokeo yasiyotabirika, leo zuri, kesho hakuna kitu. Akarudi kwenye andiko la tabibu Ge Hong, la karne ya 4, akasoma upya maelekezo yake: mmea ule ulowekwe kwenye maji, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Hakuna palipoandikwa kuchemsha. Ndipo akawaza kwamba labda moto ndio unaoharibu. Akabadilisha njia, akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 tu, na mwaka 1971 dondoo lile likafuta vimelea vyote katika wanyama wa majaribio. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Mmea ulikuwa ule ule muda wote, na ugunduzi wote ukatoka kwenye namna ya kuandaa.

Kitunguu saumu nacho kina tabia yake. Alisini, ile yenye harufu kali, haimo ndani ya kitunguu kizima. Inazaliwa pale unapokiponda, kimeng'enya kinapokutana na kitu ambacho kilikuwa kimetengwa nacho. Moto unaua kimeng'enya hicho. Ponda, acha kikae dakika kumi, ndipo uweke popote unapotaka.

Na mimea yenye ute, kama mbegu za kitani, usiipikie kabisa. Iloweke kwenye maji ya baridi usiku kucha. Ute ule ndio unaopaka koo linalowasha, na maji ya baridi yanatosha kuutoa.

Nesi wa Zamu

Naomba niingie hapo kwenye artemisia kabla mtu hajaenda kupika. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya artemisia kwa malaria, kuzuia wala kutibu. Dawa iliyomo haiyeyuki vizuri kwenye maji, kiasi chake hubadilika kati ya mmea na mmea, na dozi pungufu inafundisha vimelea kuizoea dawa ambayo tunaitegemea sote. Homa ya malaria inataka kipimo na dawa mseto iliyopimwa. Nimewapokea watu waliochelewa kwa sababu ya birika la chai, na sisahau nyuso zao.

Bibi Kivumbasi

Mwanangu Jani Kavu, kwa kikohozi cha usiku sijaona kitu kama asali. Nimelea watoto sita na wajukuu wengi. Kijiko kimoja kabla ya kulala, bila maji, kishuke taratibu kooni. Mgonjwa analala na wewe unalala. Tangawizi ukiikatakata vipande vyembamba ukaifunika kwa asali kwenye chupa, kesho yake una sharubati. Mtoto naye unampakaza kidogo kwa ncha ya kidole, hata huyo wa miezi minane.

Nesi wa Zamu

Shikamoo Bibi. Kwa kikohozi uko sawa, na utafiti uko upande wako. Tathmini ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, iliona kwamba asali huwapunguzia watoto kikohozi kuliko kuwaacha bila kitu, na nchini Uingereza mwongozo wa mwaka huo huo unaitaja asali kama jambo la kwanza la kujaribu kwa kikohozi cha kawaida kabla ya kufikiria antibiotiki.

Lakini kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, Bibi, hapana. Hata ncha ya kidole. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulini. Tumbo la mkubwa linazishinda, tumbo la mtoto mchanga bado halijaweza. Zinaamka humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anaanza kwa kukosa choo, anashindwa kunyonya, kilio kinakuwa hafifu, shingo inalegea, mwisho kupumua. Kuchemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Ni jambo la nadra, lakini mtoto mmoja anatosha.

Kwa huyo wa miezi minane mitishamba yoyote iwekwe pembeni. Anyonye mara nyingi zaidi, adondoshewe matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa puani kabla ya kunyonya na kulala. Jani Kavu, jifunze kuhesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa. Kwa umri wake pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za kumpeleka hospitali. Vivyo hivyo mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, au akikataa kunyonya.

Bibi Kivumbasi

Marahaba mwanangu. Hilo la mtoto mchanga sikulijua, na sisi tuliwapa. Nashukuru Mungu walipona. Nimewapigia simu binti zangu wote wawili leo.

Mzizi Mrefu

Bibi asante kwa kusema hivyo wazi. Niongezee kwenye sharubati yake, kwa sababu hapo watu hupoteza asali nyingi. Asali iliyoiva ina maji chini ya asilimia 18 hivi, ndiyo maana haiharibiki. Ukiiwekea tangawizi mbichi, maji ya tangawizi yanatoka na kuingia kwenye asali, na asali iliyolegea huchacha. Ukiona inatoa povu na mfuniko unasukumwa, ndiyo hiyo. Tengeneza chupa ndogo, weka kwenye friji, imalizike ndani ya wiki mbili tatu. Ukitaka ikae zaidi tumia tangawizi kavu ya unga.

Na tafadhalini, kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta msikiache nje ya friji. Ni bakteria yule yule aliyetajwa na Nesi, anapenda mahali pasipo hewa wala uchachu.

Chupa ya Kahawia

Tincha haijatetewa na mtu hadi sasa, nami ndiyo ninayoitumia zaidi, kwa hiyo nitaitetea kwa haki.

Pombe ya asilimia 40 inatoa vitu ambavyo maji hayaviwezi. Ukichemsha manemane, ule utomvu mkavu wa mti, siku nzima utapata maji machungu yenye mashapo chini. Utomvu unataka pombe, tena kali zaidi ya hiyo. Kwa mimea mikavu ya kawaida napima sehemu moja ya mmea kwa uzito na sehemu tano za pombe, chupa ya kioo cheusi au kahawia, natikisa kila siku, baada ya wiki nne nachuja. Inakaa miaka bila kuharibika. Dozi ni matone, na hii ndiyo faida ninayoipenda: ninajua nimekunywa kiasi gani, wakati kikombe cha chai kila siku kinatoka tofauti.

Lakini nikiangalia nyumba ya Jani Kavu, simshauri. Mtoto hapana. Mama mwenye dawa ya kuzuia damu isigande hapana, pombe yenyewe inaingiliana na dawa hiyo. Anabaki yeye peke yake, na kwa mtu mmoja mwenye afya anayetaka kutuliza koo, chai inamtosha. Mjamzito, mwenye ini bovu, anayejitahidi kuacha pombe na ambaye dini yake haimruhusu, wote hao watafute njia nyingine. Kuna wanaotumia gliserini au siki. Ni dhaifu zaidi, ila kwa mimea mingi zinafaa.

Mfamasia wa Kona

Nimesubiri tufike kwenye vidonge kwa sababu nafanya kazi hiyo kila siku, na maswali ya kaunta yamenifundisha mengi kuliko darasa.

Kidonge kina uzuri wake. Hakina ladha, kinabebeka, na kikitengenezwa vizuri kila kimoja kina kiasi kile kile. Tatizo ni kwamba mtu akiona neno mitishamba kwenye kopo anadhani amenunua kile kile anachokijua kutoka jikoni. Sivyo. Chukua manjano. Kurukumini, kile kitu chake cha njano, hufyonzwa kidogo sana tumboni, ndiyo maana imetumika kwenye vyungu vizazi na vizazi bila shida. Mwaka 1998 watafiti waliwapa watu gramu 2 za kurukumini pamoja na miligramu 20 za piperini ya pilipili manga, na kiasi kilichoingia mwilini kikapanda kwa asilimia 2,000. Watengenezaji wakaichukua habari hiyo kama tangazo. Leo kuna vidonge vya dozi kubwa vyenye piperini, na madaktari wameripoti watu walioumia ini kwa kuvitumia. Manjano kwenye chungu na manjano kwenye kopo lile ni mambo mawili.

Sasa mama yako, Jani Kavu. Naomba usome hapa mara mbili.

Dawa yake ya kuzuia damu isigande inafanya kazi kwenye ukingo mwembamba: ikizidi anavuja damu, ikipungua damu inaganda. Tangawizi, kitunguu saumu na manjano kwa kiasi cha kukolezea chakula kwa kawaida havina neno. Kwa vidonge au kwa vikombe vingi vizito kila siku, hapo vinaweza kuisukuma damu upande wa kuvuja. Chochote kipya atakachotumia mfululizo, daktari wake ajue kabla hajaanza, ili wapime damu mapema. Akiona michubuko isiyoeleweka, damu kwenye fizi au choo cheusi, asisubiri miadi.

Cha pili ni presha yake. Angalia michanganyiko ya chai za kifua inayouzwa tayari, mingi ina urukususu, mzizi ambao kwa Kiingereza ni liquorice. Ni mtamu na unatuliza koo kweli, lakini ukinywewa kwa wiki kadhaa unapandisha presha na kushusha potasiamu, na moyo wa mtu wa miaka 71 unahitaji potasiamu hiyo. Hilo mara nyingi halijaandikwa mbele ya pakiti, geuza usome nyuma.

Nitaje na mawili kwa wasomaji wengine. Vidonge vya kitunguu saumu viliwahi kupimwa pamoja na sakwinavia, dawa ya VVU, na kiasi cha dawa hiyo katika damu kikashuka kwa asilimia 51. Na mmea unaouzwa kwa ajili ya huzuni, ambao kwa Kilatini ni Hypericum perforatum, unaharakisha ini kuondoa dawa nyingi mwilini: vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za VVU, dawa za waliopandikizwa figo. Mtu anapata mimba asiyoitarajia au anapoteza figo aliyopewa, na hakuna anayeuliza kuhusu kile kikopo cha kijani.

Jina la Kilatini nimeliandika kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito walipewa vidonge ambavyo mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, kwa sababu majina yao yanafanana. Zaidi ya 100 waliharibikiwa figo, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kopo lisilo na jina la Kilatini, sehemu ya mmea iliyotumika na kiasi kwa miligramu, mimi silipeleki nyumbani kwangu.

Mvuke Mwema

Nashangaa hakuna aliyetaja kujifukiza. Majani ya mkaratusi kwenye sufuria, blanketi kichwani, dakika kumi. Pua inafunguka pale pale. Kwa nini haipo kwenye ulinganisho?

Nesi wa Zamu

Ipo sasa, asante kwa kuileta. Nafuu ya pua unayoisema ni ya kweli kwa wengi, ingawa tafiti zilizopima kama mvuke unafupisha mafua hazijakubaliana. Kinachonifanya nisiipendekeze ni sufuria. Mpwa wangu alikuwa na miaka mitano, aliinama chini ya blanketi na shangazi yake, akaikumbatia sufuria iliyokuwa mapajani. Alikaa wodini wiki tatu na mapaja yake yana makovu hadi leo. Hakuna mafua yanayostahili hayo.

Mtu mzima akitaka, sufuria iwe mezani, imara, maji yaliyotulia kidogo, bila blanketi na bila mtoto chumbani. Njia salama zaidi ni kuoga maji ya moto mlango ukiwa umefungwa. Na mafuta ya mkaratusi ya chupa yafungiwe kabatini: kiasi cha kijiko cha chai kikimezwa na mtoto kinaweza kumletea degedege. Wala msipake vitu vya mentholi au kafuri karibu na pua ya mtoto mdogo, vinaweza kumbana pumzi.

Mvuke Mwema

Pole sana kwa mpwa wako. Ninaye wa miaka minne nyumbani na huwa ananisogelea nikijifukiza. Nimekuelewa.

Asubuhi Njema

Mimi nitakuja upande wa msimu wenyewe, maana mada imeanza na baridi na tumekimbilia chupa.

Virusi vingi vya mafua huzaliana vizuri zaidi kwenye nyuzi joto 33, ambalo ni joto la ndani ya pua, kuliko kwenye 37 za mwilini. Baridi ikiipoza pua, virusi vinafurahi. Nasi ndio wakati huo tunafunga madirisha na kukaa pamoja. Kwa hiyo fungua dirisha hata nusu saa mchana, vaeni vizuri, toka nje asubuhi upate mwanga kabla ya kazi. Kisha usingizi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo watu wazima 164 wenye afya walipimwa usingizi wao kwa wiki nzima, halafu wakadondoshewa virusi vya mafua puani. Waliolala chini ya saa sita walishika mafua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Sijui mmea hata mmoja wenye tofauti kubwa namna hiyo. Jani Kavu una mtoto wa miezi minane, naelewa kwamba saa saba kwako ni ndoto, lakini kama kuna mtu wa kukupokea usiku mmoja mmoja, mwombe sasa kabla ya baridi.

Bustani nayo ina msimu wake. Mnanaa na kivumbasi vuna kabla havijafungua maua, asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Tangawizi na manjano subiri majani yanyauke, maana hapo mmea umeshusha nguvu yake chini. Ukikausha vyote kwa pamoja ndipo makosa yanapoanza. Majani yanakaukia kivulini kwenye upepo, nyuzi joto 35 hadi 40 yanatosha, siku chache tu. Tangawizi ina maji mengi, inataka joto zaidi na muda mrefu zaidi, vipande vya unene wa milimita tatu visigusane. Manjano huchemshwa kwanza hadi yalainike ndipo yakatwe na kukaushwa. Ulipochanganya kwenye kopo moja, tangawizi iliyokuwa bado na unyevu ndani iliwapa majani maji yake. Ukungu wako ulianzia hapo.

Jani Kavu

Nimesoma yote mara tatu na nimemsomea mama. Nawashukuru kutoka moyoni, hasa Nesi na Mfamasia. Nilikuwa na kopo la vidonge vya manjano vyenye piperini, nilimnunulia mama kwa upendo kabisa kwa ajili ya magoti yake. Amevimeza siku nne. Leo tumekwenda kliniki nalo mkononi, wamempima damu, wakamwambia aache na arudi wiki ijayo. Matokeo ya leo hayakuwa mabaya.

Nilichoamua ni hiki. Majani ni ya chai, kila mmea kwenye chupa yake, kwa ajili yangu na mama, yeye kikombe kimoja kwa siku na daktari wake ameambiwa. Tangawizi nitaichemsha mbichi ninapoihitaji, na kidogo nitaikausha. Asali ya kijiko kabla ya kulala kwa sisi wawili, sharubati ya chupa ndogo kwenye friji. Tincha na vidonge nimeviacha. Mtoto anabaki na kunyonya na matone ya chumvi, na nimeshajaribu kumhesabia pumzi akiwa amelala: 34.

Limebaki swali moja. Nitajuaje kwamba tangawizi imekauka kweli? Mwaka jana kwa kuishika niliona imekauka.

Kinu na Mchi

Usiishike tu, ivunje. Kipande kilichokauka kinavunjika kwa sauti, kikipinda bado. Kisha chukua chupa ya kioo cheupe, jaza, funga, iweke mahali penye joto ndani ya nyumba na uitazame kila asubuhi kwa wiki moja. Ukiona ukungu wa mvuke au tone moja la maji ndani ya kioo, itoe yote uianike upya siku hiyo hiyo. Kioo kikibaki kikavu siku saba, hamishia kwenye chupa ya giza na andika tarehe.